Maji kuzunguka dohani: yasake kwanza, saruji baadaye

Doa lilianza Januari, ukubwa wa sahani, kwenye dari ya jikoni pale dohani inapopita kwenda juu. Machi lilikuwa limefika ukubwa wa sinia ya pilau, ukingo wake rangi ya chai, na jipsamu imeanza kulegea. Nikamwita fundi. Alipanda, akakaa juu dakika kumi, akashuka anapangusa mikono. "Mama, pale ni kupiga saruji tu, limekwisha hilo." Akapiga saruji kuzunguka dohani, juu ya bati, nene kama keki ya harusi. Mvua ya kwanza ikapita salama. Ya pili, doa likarudi, na sasa lilikuwa na mwenzake: jingine la kahawia ukutani, linanuka kama samaki wa moshi.

Fundi yule simlaumu kupita kiasi. Hapa Mtwara hatuna baridi ya Makete ya kutuwashisha moto sebuleni. Dohani zetu ni za jikoni: jiko la kuni la kujengea, tanuri la mikate, jiko la shule. Fundi anaweza kuezeka miaka mingi asikutane na dohani tano. Lakini saruji yake ilinigharimu mara mbili, kuipaka na kuibandua, na kipande kimoja mpaka leo kinazuia mlango wa uani usipigwe na upepo.

Utaratibu ufuatao ndio niliojifunza baada ya hapo, kwa kupanda mwenyewe na kwa kumfuatafuata fundi mmoja mzee wa Mikindani aliyekubali kunivumilia.

Maji yana milango minne

Mlango wa kwanza ni mvua, nao unajulikana. Inaingia kwenye mdomo wa dohani, kwenye nyufa za zege la kichwani, kwenye matofali yenyewe, au pale dohani inapokutana na bati. Hapo mwisho ndipo penye kesi nyingi.

Wa pili ni moshi, na watu wengi hawaufikirii kabisa. Kilo moja ya kuni zilizokauka vizuri ikiungua hutoa karibu nusu lita ya maji kwa umbo la mvuke, bila kuhesabu maji yaliyokuwa yamebaki ndani ya kuni. Bomba likiwa la moto, mvuke unatoka nje na hakuna anayejua. Bomba likiwa la baridi, au kuni zikiwa mbichi, mvuke unageuka maji humo humo njiani, unachanganyika na masizi na kushuka kama uji mwembamba wa kahawia. Ile harufu ya samaki wa moshi jikoni kwangu ilitoka huko.

Wa tatu ni hewa. Masizi huacha chumvichumvi ndani ya matofali, na chumvi hiyo hunyonya unyevu uliomo hewani. Wakati wa kaskazi, hewa ikiwa nzito na nguo hazikauki kambani, ukuta wa dohani unaweza kulowa bila tone la mvua kuanguka. Kwetu pwani kuna nyongeza: nyumba iliyopigwa lipu kwa mchanga wa baharini hufanya hivyo hivyo hata mahali pasipo na dohani.

Wa nne ni ardhi. Msingi wa jiko usiowekewa nailoni ya kuzuia unyevu hupandisha maji kutoka chini. Doa la namna hii linaanzia sakafuni, kwa kawaida halivuki urefu wa kiuno, na dohani haina hatia.

Hatua ya kwanza: daftari kabla ya ngazi

Tundika daftari jikoni. Kila doa linapoongezeka au kulowa, andika siku, kama mvua ilinyesha, upepo ulitoka wapi, na siku hiyo mlipika nini na kwa muda gani. Wiki tatu za msimu wa mvua zinatosha.

Likilowa ndani ya saa moja ya mvua kubwa, tafuta tundu kwenye bati au mdomoni. Likichelewa mpaka kesho yake, maji yanapita taratibu ndani ya matofali. Likilowa tu mvua inapokuja na upepo wa upande mmoja, angalia uso wa dohani unaotazama upepo huo. Mvua zetu kubwa za Desemba mpaka Machi huja na kaskazi, kwa hiyo uso wa kaskazini mashariki ndio huchapwa zaidi. Likilowa siku ya kupika maharage saa nne mfululizo, jua la nje likiwaka, hiyo ni kesi ya moshi. Na likitokea siku za joto la unyevu na kupotea siku kavu, bila kujali mvua wala jiko, ni chumvi.

Daftari langu lilionyesha madoa yangu mawili hayafuati ratiba moja. La dari lilifuata mvua. La ukutani lilifuata maharage. Ndipo nikajua kwamba nina kesi mbili.

Hatua ya pili: kipande cha nailoni

Kata nailoni nyepesi, sentimita 30 kwa 30, ibandike juu ya doa la ukutani kwa solotepu pande zote nne pasiwe na mwanya. Iache siku mbili. Matone yakijikusanya upande wako, ule unaogusa hewa ya jikoni, unyevu ni wa chumbani: mvuke wa sufuria, madirisha yaliyofungwa. Yakijikusanya nyuma ya nailoni, maji yanatoka ndani ya ukuta.

Wanaopika kwa gesi wasilidharau jaribio hili. Kilo moja ya gesi ya mtungi ikiungua hutoa zaidi ya lita moja na nusu ya maji, na yote yanabaki chumbani usipofungua dirisha. Nimeona nyumba ambayo dohani ilikuwa inashitakiwa bure.

Hatua ya tatu: tochi darini

Panda ndani ya dari mvua ikiwa inanyesha. Siku ya jua utaona vumbi na mijusi tu.

Mimi nilipanda na yule mzee, naye akakaa juu ya kenchi, zile mbao zinazobeba paa, kama yuko barazani. Nikaelekeza tochi juu kabisa ya doa. Pakavu.

"Babu, mbona hapa hapavuji?"

"Umeangalia papi?"

"Papi zina nini?"

"Maji yanatembea juu ya papi, mwanangu. Shuka nayo polepole na tochi."

Nikafuata papi, ule ubao unaopigiliwa bati. Chini yake kulikuwa na uzi mwembamba wa maji unaong'aa, hauonekani mpaka tochi uilaze karibu na mbao. Ulianzia upande wa juu wa dohani, ukasafiri zaidi ya mita moja, ukakutana na fundo la mti, na hapo ndipo ulipoangukia dari. Doa lilikuwa kusini ya dohani, tundu kaskazini. Saruji ya keki ilikuwa imewekwa kwa ukarimu zaidi upande wa kusini.

Weka alama ya chaki pale uzi wa maji unapoanzia. Ukisubiri mpaka kesho hutapaona tena.

Hatua ya nne: mvua ya kujitengenezea

Kama mvua haipo, au chaki haijatoa jibu, mwagia maji mwenyewe. Mmoja juu ya paa, mwingine darini na tochi. Kanuni ni moja: anza chini, panda juu. Mwagia bati lililo chini ya dohani dakika kumi. Kisha ubavu mmoja, kisha wa pili. Kisha upande wa juu. Kisha matofali yenyewe. Mwisho kabisa kichwa na mdomo. Mtu wa darini akipaza sauti, unajua ni hatua gani imevuja. Ukianza juu, maji yanalowesha kila kitu kwa pamoja na hutajua lolote.

Kwa anayenunua maji kwa dumu, ndoo chache na kopo la kumwagilia bustani zinatosha kwa kila upande.

Ukiwa juu, kanyaga kwenye mstari wa misumari, maana chini yake ndipo papi ilipo. Katikati ya misumari bati hupinda, na mpindo huo nao utakuja kuvuja. Usipande peke yako, wala bati likiwa limelowa, wala siku ya upepo.

Kutengeneza: pale bati linapokutana na dohani

Nianze hapa kwa sababu ndipo wengi tunapolia. Saruji juu ya bati haikai. Jua la saa saba linatanua bati, usiku linasinyaa, na saruji haijui kutanuka. Ndani ya wiki chache unapata ufa mwembamba kama unywele, ambao unavuta maji na kuyashikilia hapo, bati likaanza kuoza chini yake. Kwa bati zilizopakwa alumini na zinki ni vibaya zaidi, kwani saruji mbichi yenyewe hula ule mpako. Lami pekee nayo, kwa jua letu, hukauka na kupasuka baada ya misimu michache.

Kinachotakiwa ni vipande vya bati laini vilivyokunjwa, kila upande wa dohani kipande chake, vipande vikilaliana kama magamba ya samaki: cha juu kinalala juu ya cha chini, kila mara.

Upande wa chini wa dohani, kile kipande kinakaa juu ya bati za paa, kikiteremka sentimita 15 au zaidi. Ubavuni, kipande kinapanda ukuta wa dohani angalau sentimita 15 na kuvuka mgongo mmoja wa bati au zaidi. Upande wa juu ndipo palipomshinda fundi wangu. Hapo kipande lazima kiingie CHINI ya bati za paa zinazotoka kwenye kofia ya kilele cha paa. Kikiwekwa juu yake, kila tone linaloteremka kutoka kileleni linakaribishwa ndani. Ili kukiingiza inabidi kung'oa safu ya misumari na kuinua bati, kazi ya saa mbili, na saruji ya keki ni dakika kumi. Sasa unaelewa kwa nini watu wanapenda keki.

Ncha ya juu ya kila kipande isibandikwe tu kwenye tofali. Kata mfereji kwa grenda kwenye maungio ya matofali, kina cha sentimita mbili na nusu hivi, kunja ukingo wa bati uingie humo, kisha ziba kwa udongo wa saruji au silikoni ya nje. Silikoni kuukuu ing'olewe yote kwanza.

Dohani ikiwa pana, zaidi ya sentimita 75 kwa upande unaopokea maji, itengenezewe mgongo mdogo wa bati nyuma yake, kama paa dogo, ili maji yagawanyike kushoto na kulia. Bila hivyo majani ya mwembe na mkorosho yanajazana hapo, yanageuka mbolea, na bati linaoza likiwa limefunikwa blanketi bichi. Hata kwenye dohani nyembamba, fagia hapo kila baada ya miezi michache.

Misumari mipya iwe ya bati yenye mpira. Ile ya zamani ambayo mpira wake umekauka na kukatika, badilisha yote ukiwa huko huko juu. Karibu na bahari chumvi hula zinki haraka, kwa hiyo bati nyembamba ya bei rahisi hapa ni hasara.

Kichwa na mdomo

Zege la kichwani si kofia ya urembo. Liwe na mteremko kutoka katikati kwenda nje, unene wake usipungue sentimita tano ukingoni, na lining'inie nje ya matofali kiasi cha sentimita tano pande zote. Chini ya ukingo huo unaoning'inia, piga mfereji mdogo kwa kidole au kwa kulaza uzi wa nondo kabla zege halijakauka. Maji yakifika kwenye mfereji yanadondoka, hayarudi kutambaa kwenye matofali. Kama kuna bomba linalopita katikati, acha mwanya wa sentimita moja kati ya bomba na zege, uuzibe kwa silikoni inayohimili joto. Bomba hutanuka likipata moto, na zege lililobanwa nalo litapasuka tu. Zege limwagilie maji siku saba.

Mdomoni weka kofia ya bati yenye miguu, iliyoinuka vya kutosha kuacha moshi utoke, na wavu wa kuzuia ndege na popo. Ifungwe kwa skrubu au waya imara. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam, hakuna aliyetaka kofia ya bati inaruka kwa jirani.

Urefu nao una kazi yake. Dohani ivuke paa angalau sentimita 90 pale inapotokea, na iwe juu ya kitu chochote kilicho ndani ya mita tatu kwa sentimita 60 au zaidi. Fupi zaidi ya hapo, upepo unarudisha moshi chini, bomba linapoa, na kesi ya mlango wa pili inaanza.

Matofali

Kwangua maungio yaliyolegea, kina cha sentimita mbili, lowesha kidogo, jaza upya. Usipake rangi ya mafuta ukidhani unazuia maji: inazuia yasitoke, na ndani ya msimu inavimba malengelenge. Kuna dawa za jamii ya silani na siloksani zinazofukuza mvua huku zikiacha ukuta upumue. Zipakwe baada ya siku kadhaa za jua kali, na nyufa ziwe zimezibwa tayari.

Wenye nyumba za kale za Mikindani au Kilwa, zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, tumieni chokaa. Saruji kwenye matumbawe hufungia unyevu ndani, na jiwe linamomonyoka nyuma ya lipu ambalo kwa macho bado ni zima.

Bomba la ndani na kuni

Hapa ndipo lilipotatuliwa doa langu la pili. Ndani ya dohani yangu kuna bomba la bati la vipande vinne. Kila kiungo kilikuwa kimefungwa hivi: kipande cha juu kimevaa cha chini kwa nje. Uji wa masizi ukishuka ndani, ukifika kwenye kiungo unatoka nje, unalowesha matofali. Inatakiwa kinyume: dume lielekee chini, kipande cha juu kiingie ndani ya cha chini, sawasawa na bomba la gata. Fundi atakwambia mvua itaingia kwenye maungio. Ile sehemu iliyo juu ya paa italindwa na kofia, na kola ya bati inayolibana bomba pale linapotokea.

Hakikisha bomba la bati tupu liko karibu nusu mita mbali na kenchi na papi. Kwenye paa la makuti usilipitishe kabisa. Jenga jiko la pembeni lenye bati.

Halafu kuni. Za mkorosho uliopogolewa juzi zina maji mengi. Pasua, panga juu ya miti zisiguse ardhi, funika juu tu, acha pembeni wazi, na zimalize kiangazi kizima. Zikikauka, ncha hupasuka na ukizigonganisha hulia kama mbao, siyo pu. Ondoa masizi kabla ya kila msimu wa mvua. Usizibe dohani inayotumika hata kwa muda, eti mvua ipite: mkaa unaofukuta hutoa kaboni monoksidi, haina harufu, na inaua watu wamelala.

Dohani iliyostaafu

Wengi wamehamia gesi, wakabaki na dohani isiyotumika. Kishawishi ni kuiziba juu kwa zege na chini kwa tofali. Ukifanya hivyo unyevu unafungwa humo pamoja na masizi, na ukuta utalowa miaka. Safisha kwanza masizi yote. Juu weka kofia inayozuia mvua lakini inapitisha hewa, na chini acha tundu lenye wavu, ukubwa wa nusu tofali.

Kama ukuta umeshajaa chumvi, kupaka rangi ni kazi bure. Bandua lipu mpaka kwenye tofali, nusu mita kupita ukingo wa doa, acha ukuta wazi wiki kadhaa, kisha piga lipu jipya kwa mchanga wa mtoni. Kabla hujaushusha kwenye lori, weka chembe ulimini. Wa chumvi utaujua.

Lini

Juni mpaka Oktoba. Tatizo ni kwamba pesa ya korosho inaanza kuingia Oktoba, mafundi wote wanashikwa kwa wakati mmoja, na Novemba mawingu yameshajikusanya. Ukiweza, nunua bati na silikoni mapema uziweke ndani, ili fundi akipatikana asikukute unahangaika dukani.

Dari na ukuta vipake rangi mwisho kabisa, baada ya mvua kubwa mbili kupita bila doa kulowa. Rangi ya maji ikipakwa moja kwa moja, ukingo wa chai utajitokeza tena baada ya siku chache ingawa pakavu kabisa, na utaanza kumtukana fundi bure. Pitisha kwanza mkono mmoja wa rangi ya mafuta ya kutanguliza (praima) kwenye doa tu, iache ikauke siku nzima, ndipo upake rangi yako juu.